Bukavu: Viwanja vinageuka nyumba, watoto wanachezea barabarani

Wakati wa likizo, katika mitaa mingi ya Kadutu, mpira unachezwa katikati ya barabara. Mawe mawili ndiyo goli. Mtu wa pikipiki akipiga honi, mchezo unasimama, anapita, unaendelea.

Bukavu ulijengwa wakati wa mkoloni, kwa watu wachache, kwenye vilima na rasi za ziwa Kivu. Leo tarafa zake tatu, Ibanda, Kadutu na Bagira, zimejaa nyumba hadi kwenye miteremko. Palipobaki wazi, mtu ameweka msingi.

Wenye jukumu wanajulikana. Sheria namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008 inaupa mji na tarafa kazi ya kutengeneza bustani, viwanja vya michezo na mahali pa watoto kuchezea. Inasema pia kwamba vyombo hivyo vya chini vipate asilimia 40 ya pesa ambazo taifa linagawia jimbo. Wakuu wa tarafa wanajua vizuri kwamba pesa hizo hazifiki zote. Ndiyo maana ofisi ya michezo na burudani wakaaji wengi wanaiona siku ya fainali tu, wakati wa kutoa kombe.

Mahali pa kukutania pana faida ambayo haihesabiwi kwa magoli. Muungano na Bukavu Dawa zikikutana Stade de la Concorde, mama wa mandazi anauza, watoto wanapanda ukutani, na watu wasiosalimiana mtaani wanakaa bega kwa bega. Mashule na maparokia, kama Collège Alfajiri ya Wajezuiti, yana viwanja pia, lakini mwenye geti ndiye anaamua saa ya kufungua.

Kazi ngumu ya ofisi hiyo, basi, ni kulinda ardhi. Mashindano vijana wanajiandalia wenyewe. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 iko wazi: mali ya Serikali inayotumiwa na watu wote haiwezi kuuzwa kabla haijaondolewa rasmi katika matumizi hayo. Kwa hiyo kila kiwanja kingehitaji kuandikwa, kupimwa na kuwekewa mipaka, na malalamiko yapelekwe kwa watu wa ardhi siku jiwe la kwanza linapowekwa. Bati likishapigwa misumari, ni kesi ya miaka.

Baada ya M23 kuingia Bukavu Februari 2025, benki zilifungwa, na viwanja vya watoto si jambo la kwanza mezani kwa yeyote. Lakini ni nyakati kama hizo ndipo ardhi ya wote inaliwa haraka.

Kuna jambo lingine lisilohitaji hata franga moja: saa za wasichana. Kwenye viwanja vichache vilivyobaki, wavulana wanafika kwanza na kuondoka mwisho. Dada zao wanabaki pembeni na ndoo za maji. Ratiba iliyobandikwa kwenye mlango wa tarafa ingetosha kuanzia.