Inanga: Uzi Mmoja, Sauti Nane

Ukimwuliza mtu wa Kigoma au Ujiji juu ya muziki wa Burundi, jirani zetu wa kaskazini mwa ziwa, atakutajia ngoma. Ana haki. Ngoma husikika ng'ambo ya kilima, na mwaka 2014 UNESCO iliingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa binadamu. Leo nataka tumsikilize mwenzake aliye mpole: inanga.

Inanga huchongwa katika kipande kimoja cha mti, chenye urefu unaokaribia mita moja, kikachimbwa mfano wa sinia refu. Haina gundi wala msumari. Juu yake hupitishwa uzi mmoja, zamani wa kano za ng'ombe, ukienda na kurudi katika mapengo ya ncha zote mbili. Jicho huona nyuzi saba au nane, kumbe ni ule ule mmoja. Fundi hukaza kila mkondo peke yake, nayo mapengo huushika usilegee.

Sauti yake ni ndogo. Ndiyo maana mwimbaji wa Kirundi hunong'ona. Mnong'ono haupandi wala haushuki. Nyuzi ndizo zinazopanda na kushuka, na sikio huunganisha vyote viwili likadhani maneno yanaimbwa.

Waingereza wa karne ya 16 na 17 nao walikuwa na kinanda chao cha sebuleni, vayoli: nyuzi sita za utumbo wa kondoo, hupigwa kwa upinde. Mafundi wa London kama John Rose na Henry Jaye waliunga mbao nyembamba kwa ustadi mkubwa. Baadaye fidla na selo zenye sauti kali ziliifunika, na vayoli nyingine zikakatwa zigeuzwe selo. Mwishoni mwa karne ya 19 Arnold Dolmetsch alipotaka kuifufua, mafundi walikwisha kufa. Ilibidi ajifunze kwa kutengeneza vinanda vikuukuu.

Sisi tusingoje hayo. Warundi walikimbilia mkoa huu mwaka 1972, tena 1993 na 2015. Ukimpata mzee ajuaye kuchonga inanga, keti naye. Mwulize ni mti gani, hukaushwa muda gani, pengo likatwe kina gani. Inanga iliyotundikwa ukutani haitakujibu.