Kuchagua Meli na Njia katika Ziwa Tanganyika

Katika nchi za barafu, kama Alaska, wasafiri hulipa fedha nyingi wapate kupita kwa meli chini ya milima ya theluji. Sisi wa Lubumbashi theluji hatuna, lakini upwa wenye milima tunao: kutoka Kalemie hata Moba.

Reli itokayo kwetu hupita Kamina na Kabalo, ikakoma Kalemie. Hapo msiulize nauli kwanza, itazameni meli. Desemba 2014 meli iliyojaa kupita kiasi ilizama karibu na mji huo, wakafa watu zaidi ya 100. Mkiona magunia yamejaa hata njiani na watu wangali wanapanda, baba na awashushe watoto wake, hata kama nauli imekwisha kulipwa.

Mwezi nao una neno lake. Likizo kubwa, Julai na Agosti, huangukia majira ya upepo wa kusini-mashariki wenye mawimbi makali, tena moshi wa mioto ya porini huficha milima. Sisi twapenda Pasaka: mvua huosha hewa, ingawa tufani zaweza kuja ghafula.

Ketini upande wa kuume. Mwaenda kusini, nchi kavu iko magharibi, na jua la asubuhi huiangaza yote. Mtapita Mpala, misioni ya Mapadre Weupe tangu 1885. Kisha Moba, na juu yake Kirungu, ambako Stefano Kaoze alipewa upadre mwaka 1917, Mkongo wa kwanza katika nyakati hizi. Toka bandarini hata huko ni kupanda mlima; wazee wachukue fimbo.