Dirisha la duara ku kompyuta: linakatwa namna gani, na juu ya nini tuwe macho

Karibu kila programu ya kompyuta inafunguka ndani ya dirisha lenye pembe nne. Juu kuko utepe wenye jina, na pembeni kuko alama za kushusha, kupanua na kufunga. Lakini kuko programu zingine zinafunguka zikiwa duara sawa saa ya ukutani, ao zikiwa na umbo la kichwa cha mtu. Wanafunzi wa informatike wanapenda kujua hilo linafanyika namna gani. Sisi wengine pia inafaa tujue, sababu ufundi huohuo unasaidia wezi kutengeneza maonyo ya uongo.

Nani anachora dirisha?

Wengi wanafikiri programu inachora dirisha lake lote. Hapana. Programu inaomba mfumo wa kompyuta, tuseme Windows ao Linux, uipatie nafasi ya pembe nne ku kioo. Kwa kawaida mfumo ndio unaweka mpaka pembeni, utepe wa juu na alama ya kufunga. Programu inajaza tu katikati.

Linakatwa namna gani?

Fundi wa kushona anapokea kikwembe chenye pembe nne, anaweka juu yake karatasi ya kipimo, kiisha anakata. Kompyuta inafanya karibu vile, lakini haitupi vipande. Programu inapatia mfumo kipimo, na mfumo unaacha kuonyesha kila kitu kilicho inje ya kipimo hicho.

Tuchukue dirisha la nukta 300 kwa 300. Liko na nukta 90 000. Ukiliwekea kipimo cha duara, zinabaki karibu 70 700. Zile 19 300 za ku pembe hazionekani tena, na mtu akibofya pale, anagusa programu iliyo nyuma.

Ku Windows, kazi hiyo inafanywa na amri inayoitwa SetWindowRgn. Ku Linux na Unix zinazotumia X11, inafanywa na nyongeza inayoitwa Shape, iliyoko tangu 1989. Mu Java, tangu toleo la 7 la mwaka 2011, kuko setShape, lakini inaomba kwanza uondoe mpaka wa mfumo.

Mkato huo uko na kasoro moja: nukta inabaki ao inaondoka, hakuna katikati. Ndiyo maana ukingo wa duara unaonekana sawa ngazi za nyumba. Windows 2000 ilileta dirisha la tabaka, ambalo kila nukta yake inaweza kupewa namba toka 0 mpaka 255. Yenye 0 haionekani kabisa, yenye 255 inaonekana yote. Nukta za ukingoni zikipewa namba za katikati, zile ngazi zinapotea machoni.

Miaka ile mtindo huo ulipendwa sana. Winamp, programu ya muziki iliyotoka 1997, ilijulikana kwa ngozi zake ambazo kila mtu alibadilisha alivyotaka. Windows Media Player 7 ya mwaka 2000 ilikuja na ngozi moja yenye umbo la kichwa cha kijani.

Ukiondoa mpaka, unarudisha nini?

Mpaka si pambo tu, uko na kazi. Utepe wa juu ndio mtu anashika juu ya kusogeza dirisha. Ukiuondoa, inaomba uandike wewe mwenyewe namna ya kulisogeza, kitufe cha kulifunga, na njia ya kulifunga kwa klaviye kama panya imeharibika.

Mu Python, ukitumia overrideredirect ya Tkinter, mara nyingi dirisha halionekani tena mu utepe wa chini wa Windows. Programu ingine ikilifunika, mtu hajui namna ya kulirudisha. Tena, dirisha likipanuliwa, mkato haupanuki peke yake, inaomba uuhesabu upya. Na mtu asiyeona, anayetumia programu ya kumsomea kioo, hasikii kitu kama kitufe chako ni picha isiyo na jina.

Basi, mbele ya kukata, jiulize: umbo hili litamsaidia nani? Saa ndogo ya duara ku pembe ya kioo, sawa. Programu ya kuandika madeni ya butiki, pembe nne zinatosha.

Na sisi watumiaji?

Programu inayoweza kuchora umbo lolote inaweza pia kuchora dirisha linalofanana kabisa na la mfumo: nembo, rangi nyekundu, na maneno ya kuogopesha kwamba virusi vimeingia, piga namba hii, ao andika neno lako la siri. Linaweza kufunika kioo chote. Hata alama ya kufunga unayoiona inaweza kuwa picha tu, na ukiibofya inafanya kile aliyeitengeneza alitaka. Sura ya dirisha haihakikishe ni nani aliyelitengeneza.

Likitokea, usibofye kitu ndani yake, na usipige ile namba. Ku klaviye ya Kifaransa, finya Ctrl, Alt na Suppr kwa pamoja. Ku Windows, vitufe hivyo vitatu vinapokelewa na mfumo wenyewe, na programu ya kawaida haiwezi kuvizuia. Chagua Gestionnaire des tâches, tafuta programu iliyoleta onyo, mara nyingi ni ile unayotumia kuingia ku intaneti, kiisha uifunge. Kama uko ku kompyuta ya sekretaria ao ya saiba, ambia mwenye nyumba mbele ya kuandika neno lolote la siri.