Je, Wajua? Tumbo Dogo na Mambo Yake Makubwa

Mtu akifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, watu humuuliza habari za kilo. Amepungua ngapi? Amebakiza ngapi? Wachache humuuliza habari za tumbo lenyewe, na huko ndiko kuliko na maajabu. Gesi, kichefuchefu, jasho la ghafla, choo kigumu: karibu kila kero ina sababu yake, na ukishaijua sababu, hofu hupungua. Upasuaji huu siku hizi hufanyika hadi Nairobi na Dar es Salaam, kwa hiyo huenda dada yako au jirani yako anaupitia sasa hivi. Haya, tuingie tumboni.

Tumbo jipya hujaa kwa vijiko viwili

Tumbo la mtu mzima huchukua lita 1 hadi 1.5 bila kulalamika. Katika aina moja ya upasuaji huu, iitwayo baipasi, daktari hutenga kifuko kidogo juu ya tumbo na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo. Nafasi inayobaki ni mililita 15 hadi 30 tu, yaani kijiko kimoja au viwili vya mezani. Katika aina nyingine, iitwayo slivu, asilimia 75 hadi 80 ya tumbo hukatwa na kutolewa, ukabaki mrija mwembamba. Ndiyo maana mgonjwa huanza na maji na supu iliyochujwa, kisha uji mwepesi usio na sukari na mtori uliosagwa, halafu vyakula laini. Sahani ya kawaida hurudi baada ya wiki 6 hadi 8 hivi. Shangazi atakayesema "ongeza kidogo, mwanangu" anasema kwa upendo, lakini asisikilizwe.

Wazo lilizaliwa kwa wagonjwa wa vidonda vya tumbo

Mwaka 1881, mjini Vienna, daktari Theodor Billroth alikata sehemu ya tumbo la mgonjwa wa saratani, na baadaye madaktari wakaitumia njia hiyo kutibu vidonda vya tumbo. Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, aliona kwamba waliokatwa hivyo hupungua uzito na hawaurudishi kwa urahisi. Mwaka 1966 yeye na mwenzake Chikashi Ito wakafanya baipasi ya kwanza ya kupunguza uzito. Kwa hiyo kero za tumbo lililokatwa zimechunguzwa kwa zaidi ya miaka 100. Shida unayodhani ni yako peke yako, daktari ameshaisoma, na hupaswi kuona haya kuitaja.

Hupasuliwa tumbo, huuma bega

Katika upasuaji wa matundu madogo, tumbo hujazwa gesi ya kaboni dioksidi ili daktari apate nafasi ya kuona na kufanya kazi. Gesi inayosalia huchokoza kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Neva ya kiwambo huanzia shingoni, mahali pale pale zinapoanzia neva zinazohudumia bega, basi ubongo hudhani bega ndilo linalolalamika! Maumivu haya huisha kwa siku chache, na kutembea taratibu wodini husaidia.

Stepla ya kwanza ilikuwa na kilo 3.6

Mwaka 1908 daktari Hümér Hültl wa Budapest alianza kutumia mashine ya kubana tumbo kwa pini za chuma. Ilikuwa nzito, kilo 3.6, na kuiunganisha tu kulichukua saa 2. Kifaa cha leo hupita kwenye tundu dogo, hubana na kukata kwa mpigo mmoja, na pini zake za titani hubaki mwilini maisha yote bila kudhuru. Hata hivyo, pini hushika tu. Anayeunga ni mwili wenyewe, nao huhitaji wiki kadhaa. Nyama choma ya wiki ya 2 hukandamiza mshono ambao bado mbichi.

Kipande cha halua kinaweza kukulaza chini

Halua, glasi ya juisi ya miwa au soda moja inaweza kumwangusha mtu aliyefanyiwa baipasi ndani ya dakika 10 hadi 30. Sukari huporomoka kwenye utumbo mwembamba kwa mkupuo, na utumbo huvuta maji kutoka kwenye damu ili kuizimua. Hapo moyo huenda mbio, jasho hutoka, tumbo husokota, na kuhara hufuata.

Kisha kuna wimbi la pili, saa 1 hadi 3 baadaye. Sukari iliyoingia kwa kasi hulifanya kongosho limwage insulini kupita kiasi, sukari ya damu ikashuka, na mtu akaanza kutetemeka na kuona kizunguzungu. Kinga yake ni rahisi kuikumbuka: milo midogo, protini kwanza (yai, samaki, dengu), wanga baadaye, vitu vitamu vikae mbali. Wimbi la pili likijirudia, daktari aambiwe.

Tende tatu za futari ni mtihani

Katika nchi za Ghuba, Kuwait ikiwa mstari wa mbele, upasuaji huu umezoeleka sana, na kila Ramadhani swali hurudi: nifunge? Tumbo dogo haliwezi kupokea maji ya kutwa kwa mara moja. Lita 1.5 lazima zinywewe kwa funda ndogo, na saa za usiku huwa hazitoshi mwanzoni. Madaktari wengi hushauri mtu asifunge miezi ya mwanzo, na dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa. Atakayeruhusiwa baadaye afungue kwa maji na supu, na tende moja aile taratibu. Tende tatu na sharubati kwa pamoja ni halua kwa jina jingine.

Povu linalopanda ni mate yako mwenyewe

Mtu hutoa mate takriban lita 1 kwa siku. Tonge likikwama kwenye kifuko kidogo, mate huendelea kuja, hukosa pa kupita, na kurudi juu yakiwa povu jeupe, zito, la kuteleza. Wakorofi wanajulikana: chapati, mkate laini unaogeuka donge, wali uliokauka, na kidari cha kuku kisicho na mchuzi. Tafuna kila tonge mara 20 hadi 30, uweke kijiko mezani kati ya tonge na tonge. Likikwama, usilisukume kwa maji: maji nayo yatapanda.

Pua huweza kushiba kabla ya tumbo

Wagonjwa wengi husimulia kwamba wakikaribia kushiba hupiga chafya, pua huchuruzika au kwikwi huwashika. Ile hisia ya zamani ya kushiba, inayokuja polepole kama dakika 20 baada ya kuanza kula, huchelewa mno kwa kifuko cha vijiko viwili. Kila mtu ana alama yake, na anayeijua huacha kula hapo hapo, kwa sababu tonge linalofuata ndilo litakalomtapisha.

Njaa inaweza kutolewa pamoja na tumbo

Mwaka 1999 watafiti wa Japani, Masayasu Kojima na Kenji Kangawa, walitangaza kugundua grelini, homoni inayochochea njaa. Nyingi hutengenezwa sehemu ya juu ya tumbo, na hiyo ndiyo inayoondolewa kwenye slivu. Hivyo mtu anaweza kukaa nusu siku bila kukumbuka chakula. Raha hiyo ina hatari yake: mwili bado unadai protini gramu 60 au zaidi kwa siku, na yai moja lina gramu 6 tu. Miezi ya mwanzo mtu hula kwa saa, hasubiri njaa.

Kiu ni adui mkubwa kuliko njaa

Upungufu wa maji mwilini ni miongoni mwa sababu kuu zinazowarudisha wagonjwa hospitalini mwezi wa kwanza. Zamani ulimaliza glasi kwa pumzi moja. Sasa glasi hiyo ni kazi ya nusu saa au zaidi. Maji na chakula pia hugombea nafasi, kwa hiyo wagonjwa hushauriwa kusubiri dakika 30 hivi baada ya kula ndipo wanywe. Chupa ikae mkononi kutwa nzima. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, maji hayajatosha.

Maziwa hukataa, mtindi hukubali

Watu wazima wengi duniani humeng'enya sukari ya maziwa kwa shida. Mwaka 2007 timu ya mtafiti wa vinasaba Sarah Tishkoff ilionyesha kwamba baadhi ya jamii za Tanzania, Kenya na Sudan hunywa maziwa ukubwani kwa sababu ya mabadiliko ya vinasaba yao wenyewe, tofauti na yale ya Wazungu. Lakini hata aliyekulia kwenye zizi anaweza kushangaa baada ya upasuaji: glasi aliyoizoea inamjaza gesi na kumharisha. Mara nyingi hali hii hupita. Mtindi usio na sukari huvumilika zaidi, maana bakteria wake wameshala sehemu ya sukari hiyo.

Choo hubadilika tabia

Dawa kali za maumivu, vidonge vya chuma, maji machache na chakula kidogo hukutana na kufanya choo kigumu. Anayekula vijiko vichache asishangae kukosa choo siku moja au mbili, kwani hakuna kingi cha kutoka. Maji, kutembea, na baadaye papai na mboga zilizoiva vizuri husaidia. Choo chenye mafuta, kinachoelea na kunuka sana ni habari nyingine: mafuta hayafyonzwi, na daktari anahitaji kujua.

Kilo zikienda mbio, mawe huja

Uzito ukishuka haraka, ini humwaga kolesteroli nyingi kwenye nyongo, nayo huganda ikawa mawe. Tafiti za awali za baipasi ziliwakuta nayo takriban theluthi ya wagonjwa ndani ya miezi 6. Dawa ya kuzuia, asidi ya ursodeoksikoliki, imo kwa wingi kwenye nyongo ya dubu, ambayo Wachina waliitumia kama dawa kwa karne nyingi. Siku hizi hutengenezwa kiwandani. Maumivu makali chini ya mbavu za kulia baada ya kula si gesi ya kupuuzwa.

Kuku wa Java waliwaokoa wanaotapika

Mwishoni mwa karne ya 19, daktari Christiaan Eijkman aliona kuku wa Java waliolishwa wali wa mchele uliokobolewa wakilegea miguu, kisha wakapona waliporudishiwa mchele usiokobolewa. Njia hiyo ilifikisha sayansi kwenye vitamini B1, naye akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Akiba ya B1 mwilini hudumu wiki 2 hadi 3 tu. Anayetapika kila siku baada ya upasuaji anaweza kuimaliza, akaanza kuyumba, kuona vitu viwili viwili na kuchanganyikiwa. Dripu ya glukosi bila B1 inaweza kumzidishia, kwa hiyo anayemsindikiza hospitali aseme mapema: "Ametapika siku nyingi, na alifanyiwa upasuaji wa tumbo."

Ini hukumbuka kwa miaka, chai husahaulisha damu

Vitamini B12 ni kinyume cha B1: mwili huhitaji mikrogramu 2.4 hivi kwa siku, na ini huweka akiba ya miaka. Hivyo upungufu huweza kujitokeza mwaka wa 2 au wa 3, wakati mtu ameshaacha vidonge kwa kujiona mzima. Madini ya chuma nayo hufyonzwa hasa mwanzo wa utumbo, pale baipasi inaporuka. Chai ikinywewa pamoja na chakula huweza kupunguza ufyonzaji wa chuma cha nafaka na mboga kwa zaidi ya nusu. Chai isogezwe mbali na kidonge, kidonge cha kalsiamu kisubiri saa 2, na damu ipimwe kila mwaka.

Dawa ya mgongo inaweza kutoboa mshono

Diklofenaki na ibuprofeni, zinazouzwa karibu kila duka la dawa, hupunguza kinga ya ukuta wa tumbo. Baada ya baipasi zinaweza kuleta kidonda pale tumbo na utumbo vilipounganishwa, na sigara huongeza hatari hiyo. Mwambie muuza dawa kwamba ulifanyiwa baipasi, naye akupe paracetamol.

Moyo husema kabla ya tumbo

Mshono ukivuja, mara nyingi tumbo halianzi kwa maumivu makali. Mapigo ya moyo ndiyo hupanda kwanza: zaidi ya 120 kwa dakika mtu akiwa ametulia, pengine na homa au pumzi fupi. Shika kifundo cha mkono, hesabu kwa sekunde 30, zidisha mara 2. Ukipata namba hiyo, nenda hospitali usiku huo huo. Na hata miaka ikipita, maumivu ya tumbo yanayokuja kwa mawimbi yasipewe dawa ya minyoo nyumbani, kwa sababu mafuta yakipungua ndani, utumbo huweza kupenya kwenye upenyo ulioachwa na upasuaji na kujinyonga. Makovu ya matundu madogo ni rahisi kutoonekana, kwa hiyo mwambie daktari wa zamu mara tu anapokupokea: ulifanyiwa upasuaji gani, na mwaka gani.