Kabla ya Kuwasha Gari: Maarifa ya Msingi kwa Madereva Wapya wa Unguja

Si jambo geni siku hizi kumwona kijana akimsubiri padre nje ya kanisa baada ya Misa ya Dominika, ufunguo mkononi, akiomba gari lake libarikiwe. Mara nyingi ni gari lililotumika Japani kwa miaka kadhaa, limenunuliwa kwa akiba ya muda mrefu au kwa mkopo, na mwenye nalo amepata leseni juzi tu. Kanisa linayo sala ya kubariki vyombo vya usafiri, nasi mapadre twaisali kwa furaha. Hata hivyo maji ya baraka hayajazi upepo kwenye tairi, na ndiyo sababu ya makala hii.

Wengi hudhani kwamba mwendo wa gari ni habari ya askari wa usalama barabarani peke yake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inafundisha kwamba anayehatarisha maisha yake au ya wengine barabarani, baharini au angani kwa sababu ya ulevi au kupenda mwendo wa kasi, anabeba hatia nzito. Mafundisho hayo yamewekwa chini ya Amri ya Tano, ile inayokataza kuua. Mwaka 2007 Vatikani ilitoa pia mwongozo mzima kuhusu huduma ya kichungaji ya barabarani, wenye amri kumi za dereva.

Tuichukue barabara ya kwenda Chwaka, ambayo wengi wetu twaijua. Kutoka mjini ni kama kilometa 32, kupitia Mwera na Dunga. Ukishaziacha foleni za mjini, njia inafunguka, na mguu wa dereva mpya huwa mzito bila yeye kujua. Hapo ndipo hesabu inapohitajika. Gari linalokwenda kilometa 50 kwa saa husafiri kama meta 14 kila sekunde. Likienda 80, husafiri meta 22. Dereva makini huhitaji kama sekunde moja kuona hatari na kukanyaga breki, na katika sekunde hiyo gari bado halijaanza kupungua mwendo. Kisha breki zenyewe huhitaji nafasi. Kwenye lami kavu na tairi nzuri, kutoka kilometa 50 utasimama baada ya meta zisizopungua 28 kwa jumla. Kutoka 80, baada ya meta 57 hivi. Mwendo umeongezeka kwa kilometa 30 tu, lakini nafasi ya kusimama imekuwa maradufu, kwa kuwa nguvu inayopaswa kuzimwa na breki hukua kwa mraba wa mwendo. Mtoto anayevuka kutoka shuleni akiwa meta 40 mbele yako, kwa mwendo wa kwanza atakushangaa tu na kuendelea na safari yake. Kwa mwendo wa pili utamgonga.

Mvua huongeza umbali huo sana, hasa mvua ya kwanza ya vuli au masika, kwa sababu vumbi na mafuta yaliyojikusanya juu ya lami kwa miezi ya kiangazi huchanganyika na maji na kuwa utelezi. Dakika za mwanzo ndizo mbaya kuliko zote.

Wanaokwenda upande wa Paje wanayajua matuta ya Jozani. Kabla ya kuwekwa, magari yaliwaua kima punju wengi waliokuwa wakivuka barabara, nao ni wanyama wa asili ya Unguja wasiopatikana kwingine isipokuwa pale walipopelekwa na watu. Baada ya matuta vifo vilipungua. Nalitaja hili kwa sababu wapo madereva wanaolalamikia kila tuta kana kwamba limewekwa kuwaudhi wao.

Sasa tuliangalie gari lenyewe. Anza na tairi, kwa kuwa ndizo pekee zinazogusa barabara. Kipimo sahihi cha upepo kimeandikwa kwenye kibandiko, kwa kawaida kwenye nguzo ya mlango wa dereva; usitegemee kukisia kwa kupiga tairi teke. Pima asubuhi, tairi zikiwa baridi. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja kila linapozunguka, hupata joto, na siku ya jua kali likiwa na abiria wengi linaweza kupasuka. Kagua pia umri wake: ubavuni kuna tarakimu nne, kwa mfano 2319, maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mitumba laweza kuwa na meno mazuri ya kuvutia macho huku mpira wake umekakamaa kwa uzee. Na tairi la akiba nalo lina upepo? Jeki ipo?

Breki zetu wakazi wa kisiwani zina adui wa pekee, nayo ni chumvi. Hewa ya bahari yenyewe inatosha kuleta kutu, lakini wapo wanaoteremsha gari hadi mchangani Chwaka au Uroa kupakia samaki, kisha wanalirudisha nyumbani hivyo hivyo. Osha chini ya gari kwa maji baridi ya bomba baada ya safari ya namna hiyo, na umwombe fundi atazame mabomba ya chuma yanayopeleka mafuta ya breki kwenye magurudumu. Mafuta hayo hufyonza unyevu wa hewani, kwa hiyo hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi. Yakipungua kwenye kikopo chake, ama pedi zimelika ama yanavuja. Kuongeza tu bila kutafuta sababu ni kujidanganya. Pedali ikizama kwa ulaini, gari lisitoke uani.

Mshale wa joto ukipanda, simama pembeni, zima injini, usubiri. Usifungue kifuniko cha rejeta. Maji yaliyomo humo yako chini ya mgandamizo, hivyo yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukilegeza kifuniko mgandamizo unaondoka ghafla, maji yanalipuka usoni. Kuhusu taa za dashibodi, gari lako laweza kukusalimia kwa Kijapani kila asubuhi, lakini alama zake ni zile zile duniani kote. Taa nyekundu ikiwaka njiani, simama mahali salama. Ya njano, mwone fundi mapema.

Mkanda hufungwa na wote, wa nyuma wakiwemo. Kugonga ukuta kwa kilometa 50 ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa karibu meta 10, na mama hawezi kumzuia kwa mikono mtoto aliyempakata. Mtoto mdogo akae nyuma, kwenye kiti chake maalumu. Na viongozi wa kwaya, nawasihi: waimbaji wasipakiwe nyuma ya gari la mizigo, hata kama parokia tunayokwenda ni ya jirani na fedha za nauli ni chache. Ombeni msaada mapema, tutachangishana.

Usiku, punguza mwendo hadi uweze kusimama ndani ya mwanga wa taa zako. Magari ya ng'ombe na baiskeli nyingi za shamba hazina taa, nao wanaozitumia wana haki ya barabara ile ile. Ukikutana na gari lingine, shusha taa zako mapema, kisha tazama ukingo wa kushoto wa barabara hadi lipite.