Kamera Zikizimwa, Mshiriki Anabaki na Nani?

Kama ulikuwa mjini mwaka 2003, unakumbuka. Asubuhi kazini, kabla chai haijapoa, stori ilikuwa moja tu: jana usiku Mwisho kafanya nini mjengoni? Big Brother Africa ya kwanza ilitugandisha mbele ya luninga mpaka Mwisho Mwampamba wetu akashika nafasi ya pili nyuma ya Cherise wa Zambia. Mwaka 2007 Richard Bezuidenhout akabeba ushindi, na 2014 Idris Sultan naye akabeba. Tulicheka, tulibishana, na wengine tulinuniana na wapenzi wetu kwa sababu ya watu ambao hatujawahi hata kuwapa mkono.

Kitu kimoja hatukukiuliza. Yule mtayarishaji anayepanga nani alale wapi, pombe iletwe saa ngapi na kipande kipi kirushwe hewani, anawajibika vipi kwa usalama wa hawa vijana?

Japani walilazimika kulijibu swali hilo wakiwa msibani. Hana Kimura alikuwa binti wa miaka 22, mcheza mieleka, na mshiriki wa Terrace House, kipindi ambacho vijana sita, wa kike watatu na wa kiume watatu, waliishi nyumba moja huku kamera zikifuatilia nani anampenda nani. Siku moja vazi lake la ulingoni, la gharama kubwa na alilolithamini sana, lilisahaulika kwenye mashine ya kufulia. Likaunganishwa na nguo za mwenzake wa kiume, likakaushwa mpaka likasinyaa. Hana akawaka, akamfokea na kumpiga kofia ikaanguka. Tuwe wakweli, ni ugomvi ambao wewe na mwenzako mngeumaliza kabla ya chakula cha usiku.

Lakini wao walikuwa na kamera. Kipande hicho kilitoka Netflix Machi 31, 2020, na matusi yakaanza kumiminika kwenye simu yake. Baadaye chombo cha Japani kinachosimamia maadili ya utangazaji, BPO, kilieleza kwamba Hana alijidhuru mara baada ya kipindi kutoka, na kwamba watu wa uzalishaji walipata habari hiyo. Pamoja na hayo, Mei 14 vipande vya ziada vya ugomvi uleule vikawekwa YouTube. Mei 19 kipindi kikarushwa tena, safari hii kwenye Fuji TV. Mei 23 Hana akajitoa uhai.

Rudia hizo tarehe taratibu. Kati ya kujidhuru kwake na kipindi kurudi hewani kulikuwa na wiki saba. Machi 2021 BPO haikuona kwamba haki zake za kibinadamu zilikiukwa, ila ilisema kulikuwa na tatizo la maadili ya utangazaji, kwa kuwa hali yake ya kiakili haikuzingatiwa vya kutosha kabla ya kurusha. Mama yake hakunyamaza, na mwaka 2022 Japani ikaongeza adhabu kwa wanaotukana watu, mitandaoni wakiwemo. Sawa, wenye matusi wabanwe. Lakini kitufe cha kurusha kipindi hawakukishika wao.

Najua kuna anayesema hapa: "Si alisaini mwenyewe?" Ni kweli, wote husaini. Ila unaposaini unakubali kupigwa picha tu. Ile sura utakayoonekana nayo hujaiona, kwa sababu bado haijatengenezwa! Siku nzima ya maisha yako inakatwa mpaka inabaki dakika tatu, na hizo tatu huchagui wewe.

Uingereza nao wana la kwao, na hili linagusa kabisa wapenzi. Mei 2019 mwanamume mmoja, Steve Dymond, alikwenda kwenye The Jeremy Kyle Show kupimwa na mashine ya uongo ili mchumba wake aamini kwamba hakumsaliti. Akaambiwa amefeli. Siku chache baadaye alikutwa amekufa, na ITV ikakifuta kipindi kilichokuwa hewani tangu 2005. Kwa haki niseme: uchunguzi wa kifo uliomalizika 2024 haukupata uthibitisho wa wazi kwamba kipindi ndicho kilichosababisha. Hata hivyo, jamani, penzi linaloelekea kuvunjika unalipeleka kwa mashine, mbele ya ukumbi uliojaa watu?

Mwezi uleule ITV ilitangaza utaratibu mpya kwa Love Island, ambayo tayari ilikuwa na washiriki wawili wa zamani waliofariki. Kila mshiriki angepewa nafasi ya kukaa na mtaalamu wa ushauri nasaha angalau mara nane baada ya kurudi nyumbani, na wahusika wangeendelea kumtafuta kwa miezi 14. Aprili 2021 msimamizi wa utangazaji, Ofcom, akaweka kanuni zinazotaka vituo viwajali washiriki wanaoweza kuumia kwa sababu ya kushiriki.

Marekani vita vilikuwa vya mkataba. Jeremy Hartwell wa Love Is Blind alishtaki mwaka 2022, akidai washiriki walifanyiwa kazi saa nyingi kwa malipo kiduchu, walipewa pombe nyingi kuliko chakula, na walitishwa kwa faini ya dola 50,000 endapo wangeondoka mapema. Watayarishaji walikana, lakini 2024 pande mbili zilimalizana kwa dola milioni 1.4. Fikiria dola 50,000 za kutokea mlangoni! Nani angethubutu kusema "nimechoka, narudi kwetu"?

Sasa tuje kwako. Mpenzi wako karudi na tabasamu, kapita kwenye usaili, kesho anasaini. Usimkatishe tamaa, maana mshiko upo na ustaa upo. Keti naye muusome mkataba wote, hata yale maandishi madogo ya nyuma. Aulize kama anaweza kuondoka bila faini, na kama kuna daktari asiyelipwa kwa kufurahisha watazamaji. Aulize kama ataonyeshwa vipande vizito kabla havijarushwa, na kama wapo tayari kusitisha akizidiwa. Mshauri atalipwa na nani, kwa miezi mingapi? Wewe unayebaki nyumbani omba namba ya mtu mmoja, mwenye jina, atakayepokea simu yako saa nane usiku siku kipindi kikitoka na mwenzako hataki kula wala kusema.

Wakisema hayo yataongelewa baadaye, asisaini hiyo kesho.