Maji Ndani ya Mwamba na Mtelezo wa Ufa

Neno ufa hutupeleka mara moja kwenye ukuta uliopasuka, mahali palipo na uwazi. Ufa wanaousema wanajiolojia ni tofauti. Kuta zake mbili zimebanana kwa uzito wa ardhi; kila moja inasukumwa upande wake, lakini msuguano unazizuia. Hali hiyo yaweza kudumu maelfu ya miaka.

Wengi hudhani kwamba maji yaliyoingizwa chini kwa pampu huusukuma ufa. Sivyo. Shinikizo la maji katika matundu madogo ya mwamba hupunguza mbano wa zile kuta. Msuguano hulegea, na nguvu iliyojikusanya tangu zamani hupata njia.

Jambo hilo lilidhihirika karibu na Denver, nchini Marekani. Kiwanda cha silaha cha jeshi kilichimba kisima chenye kina cha meta 3.671, na kuanzia Machi 1962 kikaingiza humo maji machafu yenye kemikali. Mwaka huohuo ardhi ikaanza kutetemeka. Mnamo 1965 mwanajiolojia David Evans alionyesha hadharani kwamba wingi wa matetemeko ulifuatana na wingi wa maji. Kazi ilisimamishwa Februari 1966, lakini matetemeko makubwa kupita yote yalitokea 1967! Shinikizo lilikuwa likiendelea kusambaa polepole, likifikia sehemu za ufa zilizokuwa hazijaguswa.

Huko Rangely, katika jimbo lilelile la Colorado, watafiti walipandisha na kushusha shinikizo kwa makusudi kati ya 1969 na 1973. Matetemeko yaliongezeka na kupungua vivyo hivyo.

Tena si kila mtelezo una kishindo. Katika jaribio lililotangazwa 2015 kusini mwa Ufaransa, ufa mdogo uliotiwa maji ulipanuka na kuteleza kimya kwanza. Vitetemeko vilifuata baadaye. Kwa hiyo chombo cha kupima matetemeko peke yake hakitoshi kumwambia mhandisi kwamba mwamba umetulia.

Wakazi wa Pohang, Korea Kusini, walilipa gharama ya jambo hili. Tarehe 15 Novemba 2017 tetemeko la ukubwa wa 5,5 liliharibu nyumba zao na kujeruhi watu wengi. Mnamo 2019 tume ya serikali ilitaja chanzo chake: maji yaliyoingizwa katika visima vya nishati ya joto la ardhi. Pampu zilikuwa zimezimwa tangu Septemba, na ufa ulioteleza ulikuwa haujachorwa kwenye ramani.